Kina cha "Mother"

Mpwa wangu alipopata mchumba Mwingereza, kamati ya send-off iligawana kazi upesi: huyu ukumbi, yule vyakula, wale mapambo. Mimi nikapewa shairi kama kawaida, maana katika ukoo wetu hakuna binti aliyeagwa bila beti zangu. Safari hii dada yangu akaongeza sharti.

"Kaka, mama mkwe anatoka Leeds huko. Kiswahili hajui hata salamu. Shairi liwe la Kiingereza."

Nikamwambia ondoa shaka. Mtu wa Tanga, kwao Shaaban Robert aliyezaliwa huku mwaka 1909, atishwe na lugha ya watu? Kanuni ninazo kichwani: mizani, yaani silabi, 16 kwa mshororo, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili), kina cha kati, kina cha mwisho, na kituo kinachorudi kila ubeti ili ukumbi uitikie. Kilichobaki ni kuchagua kina tu. Kwa kuwa mgeni wa heshima ni mama, nikachagua "mother".

Sikioni mwangu neno hilo linaishia na -dha. Nikakaa barazani na daftari, dha zikamiminika zenyewe: father, brother, weather, feather, together, leather. Kwetu ukipata silabi ya mwisho umepata kina, -dha kwa -dha, hakuna wa kukudai. Kahawa haijapoa nilikuwa na beti nne, mmoja wao ukisifu viatu vya bwana harusi kwa sababu "leather" ilikuwa imekaa bure.

Akatokea mpwa wangu mwingine, kijana anayesoma Kiingereza chuo kikuu. Akasoma, akakuna kichwa.

"Mjomba, hivi si vina."

"Si vina? Hebu soma mwisho hapo."

"Wenyewe hawaangalii mwisho peke yake. Kina kinaanzia kwenye irabu yenye mkazo, halafu kila kinachofuata kifanane. Mother mkazo uko kwenye 'ma', kwa hiyo unahitaji '-adha' nzima. Weather ni '-edha'. Haiingii."

"Na father? Fadha, madha."

"A ya father ni ndefu, Mjomba."

A ndefu! Mimi a ninayoijua ni a. Nikamwonyesha "bother", ambayo kimaandishi inafuatana na "mother" herufi kwa herufi ukiacha ile ya kwanza. Akasema hiyo inatamkwa "bodha", kwa hiyo inaoana na mother kwa macho tu, si kwa masikio. Sasa shairi unalighani au unalitazama?

Alipoona nimenuna akanitafutia njia ya kutokea. Akasema mother na weather si haramu, wenyewe wanakiita kina cha karibu, na watunzi wa nyimbo wanakula kupitia hicho hicho. Hata Shakespeare, katika soneti yake ya 116 iliyochapishwa mwaka 1609, amemalizia na "proved" na "loved". Ila, akaongeza, wataalamu wa matamshi ya kale wanasema enzi zile maneno hayo yalikuwa yanasikika karibu zaidi kuliko leo. Yaani Waingereza walihama na matamshi yao, vina wakaviacha nyuma.

Sikukubali. Kwetu kitu hicho kinaitwa guni, na ukikileta mbele ya malenga wenzako unaambiwa rudi nyumbani. Wenzetu wamekipa jina zuri na wanakilipa pesa. Nikamwambia nitajie vina kamili, vya karibu kawape watu wa redio.

Akavitaja: brother, other, another. Akaondoka kwenda kuhesabu kreti za soda, maana yeye alikuwa kamati ya vinywaji.

Vitatu! Neno la kwanza la kila mtoto, halafu jamaa zake watatu. Mama wa Kiswahili ana heshima, huruma, hekima, daima, neema, hata mtama upo akikosa kingine. Nilikuwa nimeshaahidi beti saba, na kufika ubeti wa pili brother na other walikuwa wamechoka kabisa. Nikaingia kwenye simu kutafuta wa nne, nikampata: smother. Kamusi nilifungua, asije mtu akasema sikufungua. Ilitoa maana kadhaa, mojawapo ikiwa kumjaza mtu mabusu mpaka apotelee humo. Ukimtafutia mama mkwe neno, utapata wapi zaidi ya hilo? Nikaona ni haramu kulitupa katikati ya ubeti, nikaliweka kwenye kituo:

"Here's the girl, there is no other, hold her tightly, love and smother."

Hesabu mwenyewe. Nane kwa nane, vina kamili pande zote mbili.

Siku yenyewe nilivaa kanzu na koti, nikashika kipaza sauti, nikalighani kwa mahadhi yale ya kuagia binti. Ubeti wa kwanza ukumbi ulikuwa unasikiliza. Wa pili, akina mama wakawa wamekinasa kituo, na akina mama wa Tanga wakikinasa kituo hawakiachii. Kiingereza wengi wao hawajui, wakakiimba kwa masikio: "Hoda taitili, lavu endi sumadha!" Kwa vigelegele. Mpiga kinanda akatafuta ufunguo, akaupata. MC akaingia na kipaza sauti cha pili. Watu wakaanza kuja kunituza, wengine wakinibandika noti kwenye paji la uso.

Upande wa wakwe nikaona wametulia mno. Mjomba wa bwana harusi alikuwa ameshika sambusa hewani, haendi nayo mdomoni wala hairudishi sahanini. Nikasema moyoni, hawa wameguswa.

Ubeti wa tano, yule mpwa wangu wa chuo kikuu akatokea mlango wa jikoni na kreti. Akaiweka chini kwa kishindo. Akaanza kunipungia, mara anashika koo, mara anajiziba pua na mdomo kwa kiganja. Nikamwelewa: anasema toa sauti kooni, acha kuimbia puani. Nikapandisha.

Kituo kikaimbwa mara saba na ukumbi mzima, watu zaidi ya mia wakimsihi mama wa watu amshike binti yetu kwa nguvu, ampende, kisha amzibe pumzi.

Mama mkwe akasimama kujibu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya ile "ma" mpaka taya linauma, kumbe watu wa Leeds wanasema "mudha". Na brother kwake ni "brudha", other ni "udha". Hapo nilifurahi sana, maana vina vyangu vilihama vyote pamoja, hakikubaki hata kimoja. Akasema, huku akijifuta machozi ya kicheko, kwamba amesikia maagizo ya mshairi na atayatekeleza sasa hivi. Akamwendea bibi harusi, akamkumbatia, akambana kisawasawa, na kilemba kikaenda upande.

Bahati mbaya ni wakati huo huo mpwa wangu alipofika meza ya wazee kumnong'oneza mama yangu mzazi, yaani bibi yake bibi harusi, maana ya sumadha.

Mama yangu goti linamsumbua na ngazi hapandi bila kushikwa mkono. Siku ile alipanda jukwaa peke yake, mkongojo juu. "Mwachie! Mwachie mjukuu wangu!" Akauingiza mkongojo katikati yao kuwatenganisha. Mama mkwe akadhani ni sehemu ya mila, akamkumbatia na yeye. Ukumbi ukadhani hivyo hivyo, ukaanza upya: "Hoda taitili!"

Waliotenganishwa mwishowe walitenganishwa na MC, kwa kutangaza chakula. Mama hakunisemesha mpaka keki ilipokatwa, na aliponisemesha aliniuliza kama nilishindwa kabisa kutumia lile la viatu.

Sasa binti wa kaka yangu naye amepata mchumba, Mjerumani. Kamati imeshanifuata. Nimeuliza mapema mama kwao anaitwaje na anaoana na nani. Nimeambiwa ni Mutter, na vina vyake kamili ni Butter, yaani siagi, na Futter, yaani chakula cha mifugo. Siagi imeisha kwenye ubeti wa kwanza, na kituo bado kinataka neno.