Hiyo Ndiyo Kachumbari, Mjomba

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa dada yangu. Pilau iko motoni, na mpwa wangu wa kidato cha kwanza kapewa kazi ya kachumbari. Daftari la baiolojia kaliegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, anakata vitunguu huku anakariri maana ya osmosisi kwa Kiingereza. Machozi yanamtoka, sijui ya kitunguu au ya daftari. Alipomaliza kukata akanyunyiza chumvi, akavifikicha kwa vidole, akasogeza bakuli pembeni na kurudi kwenye kukariri. Mara ya saba hivi akaitoa yote bila kuchungulia.

Wakati huo vitunguu vilikuwa vimeshalegea na chini ya bakuli pamekusanyika maji.

"Haya maji yametoka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye vitunguu, Mjomba."

"Nani kayatoa?"

"Chumvi."

"Sasa hiyo ndiyo nini?"

Akanitazama kama mtu anayetegwa. "Hiyo ndiyo kachumbari, Mjomba."

Nilicheka hadi dada akachungulia kutoka uani. Halafu nikaanza kukasirika, na mpaka leo sijamaliza. Mtoto hana kosa, kajibu sawasawa. Tatizo langu ni lile daftari.

Nililifungua. Ukurasa wa kwanza, maana ya baiolojia. Wa pili, matawi ya baiolojia. Wa tatu, umuhimu wa kusoma baiolojia, nukta saba, mojawapo ikiwa ni kupata ajira. (Vijana wenye shahada mtaani kwetu wangependa kujua ajira hizo zinatolewa dirisha gani.) Kisha sifa za viumbe hai, nazo saba, bila hata mfano wa kubishania. Mtoto akiuliza mbona gari nalo linatembea, linakula mafuta na kutoa moshi, anaambiwa asipoteze muda wa darasa. Nilipekua hadi katikati. Kiumbe pekee niliyemkuta mle ni sisimizi aliyebanwa na kurasa.

Ndivyo tunavyofundisha. Tunaanza na jina, linafuata fafanuzi la jina, kisha sifa, kisha umuhimu, na kitu chenyewe tutakiona muda ukibaki. Muda haubaki. Mtoto anatoka na maneno ambayo hayajashikana na chochote alichowahi kukigusa, wakati kitu chenyewe amekigusa tangu ana miaka sita.

Turudi kwenye bakuli. Kitunguu chote kimejengwa kwa seli, chembe ndogondogo zinazounda kila kiumbe hai, na kila seli imezungukwa na utando, kama ngozi nyembamba. Maji hupenya utando huo kirahisi, chumvi haipenyi kirahisi hivyo. Ukinyunyiza chumvi nje, maji ya ndani yanatoka kuelekea kule kwenye chumvi nyingi, seli zinalegea, kitunguu kinanywea. Kwisha. Mtoto aliyeona hivyo kwanza, ndipo umwambie kwamba wataalamu wanaliita jambo hilo osmosisi, hatasahau mpaka anazeeka. Asiyeona atakutana na balaa ninalolikumbuka mimi mwenyewe: kitabu kimoja kinasema maji hutoka palipo na kidogo kwenda palipo na kingi, kingine kinasema hutoka kwenye kingi kwenda kwenye kidogo. Darasa letu lilikaribia kupigana. Vitabu vyote viwili vilikuwa sahihi, kimoja kinahesabu chumvi na kingine kinahesabu maji, ila hakuna aliyetuambia, kwa sababu wote tulikuwa tunagombania sentensi. Hakuna aliyekuwa na kitunguu.

Na ukishakipata kitunguu umepata na ng'onda. Kwa nini papa akipigwa chumvi na kuanikwa haozi? Kwa sababu bakteria wanaotaka kumwozesha nao ni seli, nao wananyang'anywa maji. Mama wa Pwani anajua, mvuvi anajua, mwanafunzi mwenye A ndiye anayepaswa kukumbushwa.

Mfano mwingine, huu ni wa bibi yangu, na watu wa kusini mtaniwia radhi nikiurefusha. Bibi alikuwa fundi wa togwa. Anapika uji wa mahindi mzito, mwiko unasimama. Anauepua. Sisi watoto tumekaa tunangoja, yeye hana haraka, kila baada ya muda anachovya kidole. Ukishapoa kiasi anachotaka yeye, ndipo anakoroga unga wa kimea cha ulezi. Baada ya muda ule uji uliosimamisha mwiko unakuwa mwepesi, unamiminika, na una utamu ambao hakuna aliyeutia. Siku moja binamu yangu alijifanya fundi, akatia kimea uji ukiwa bado unatokota. Ulibaki mzito vilevile, na yeye akabaki na jina la utani.

Miaka kadhaa baadaye nikakaa darasani nikaandikishwa kuhusu vimeng'enya, vichocheo vinavyotengenezwa na viumbe hai: hufanya kazi katika halijoto fulani, joto likizidi huharibika. Niliandika nikapata vema. Wallahi sikumfikiria bibi hata sekunde moja. Ulezi unapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuivunjavunja wanga iwe sukari, chakula cha mche mchanga. Bibi alikuwa anaviazima. Kidole chake kilikuwa kipimajoto, na binamu yangu alifanya jaribio la maabara lenye matokeo safi kabisa. Ila maabara ilikuwa na mafiga, basi haikuhesabika.

Hata hao wenye baiolojia yao hawakuanza na fafanuzi. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitoa kitabu chenye michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Humo mlikuwa na kipande chembamba cha gome la mti lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Aliona vijichumba vitupu vimepangana, akaviita kwa jina la vyumba vidogo, "cells". Ni neno lilelile la Kiingereza lililotupa sisi selo ya polisi. Mwambie mtoto hivyo uone kama atasahau! Na seli alizoziona zilikuwa zimeshakufa, zimebaki kuta tu. Alitazama kwanza, jina likaja baadaye, na maana kamili ikachukua watu wengine karibu miaka mia mbili kuipata. Sisi tunataka mtoto wa miaka kumi na minne aanzie pale walipofika wao.

Najua mtakachosema. Mwalimu ana wanafunzi themanini, hadubini moja iliyofungiwa kabatini, na mtihani wa taifa unaotaka maneno yaleyale. Haya, nakubali, kwa shingo upande. Nakubali pia kwamba fafanuzi lina kazi yake: ukiishia kwenye "chumvi inavuta maji" utakwama siku ukiulizwa kuhusu utando. Lakini kitunguu hakihitaji bajeti ya wizara. Na suala la lugha, la mtoto aliyesoma Sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi halafu ghafla anaambiwa usanisinuru umebadilika jina, hilo nimelisema hapa mara nyingi na wote tunajua lilipo. Leo nasema hata ukimpa fafanuzi kwa Kiswahili fasaha, bila bakuli mbele yake bado utakuwa umempa wimbo tu.

Siku ile nilimweleza mpwa wangu yote haya huku tunasuuza vitunguu. Alielewa, nilimwona usoni. Akaniuliza mwenyewe kama ndiyo maana mchicha ulionyauka hufufuka ukiloweshwa kwenye maji. Nikamwambia ndiyo, nikajisikia profesa.

Jumatano alikuwa na jaribio. Jioni nikampigia simu.

"Osmosisi ilikuja?"

"Ilikuja, Mjomba. Nimeandika ile ya daftari, nimepata zote mbili."

"Na kitunguu?"

"Sikuweka. Walichora mistari miwili tu, Mjomba, nafasi haikutosha."