Mabomu ya Petard na watu waliokuwa majini

Habari ya Khedive Ismail inaposimuliwa huku kwetu, mara nyingi huishia kwenye sentensi moja: Waingereza waliwamwagia mabomu askari wetu wakiwa baharini wanaogelea. Sentensi hiyo si ya uongo, na ndiyo maana ni ngumu kuijibu. Ukiipinga unaonekana wakili wa mkoloni. Ukiipokea kama ilivyo, unakuwa umeacha nje karibu kila kitu kilichotokea mchana ule.

Kwa wasioifahamu: Khedive Ismail ilikuwa meli ya abiria iliyogeuzwa ya kubebea askari. Mapema Februari 1944 iliondoka Kilindini kwenda Colombo, katika msafara wa meli tano ulioitwa KR 8. Ndani yake kulikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa maofisa na askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wakipelekwa kwenye vita vya Burma. Kulikuwa pia na mabaharia, wauguzi na wanawake wa vikosi vya usaidizi. Jumamosi tarehe 12, karibu saa nane na nusu mchana, kwenye maji ya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliyoongozwa na Toshiaki Fukumura iliipiga kwa torpedo mbili. Meli ikazama. Nyambizi ikajificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, na destroya Petard, moja ya manowari mbili ndogo za kasi zilizousindikiza msafara, ikaiangushia mabomu ya kina palepale. Waliookolewa walikuwa 214, wanawake wakiwa 6 tu. Waliokufa ni 1,297.

Hoja ya wanaolaumu si nyepesi, na nisingependa ichukuliwe kama hasira tu. Kusindikiza, kwa maana yake hasa, ni kumfikisha mtu. Mgeni wako humwachi njiani, sembuse kumgeukia. Destroya zile zilipewa kazi ya kuwasindikiza watu hao. Tena kabla ya mabomu, destroya ya pili, Paladin, ilikuwa imeshusha mashua kuwaokota watu. Mtu aliyemeza mafuta na maji ya chumvi, ameshika kipande cha ubao, anaiona meli ya upande wake imekuja kumchukua. Kisha anaiona nyingine inakuja kwa kasi kumwelekea. Ukimwambia mtu huyo, au mwanawe, kwamba ilikuwa lazima, anayo haki ya kukuuliza lazima hiyo aliipanga nani.

Wapo pia wanaoenda mbali zaidi: kwamba damu ya Mwafrika ilikuwa bei rahisi, ndiyo maana amri ikatolewa bila kusita. Hapa mimi naachana nao. Si kwamba ukoloni haukuwa na mizani miwili. Ulikuwa nayo, na wazee wa Kariakoo, mahali palipopewa jina la wapagazi wa vita ya kwanza, wangetueleza vizuri zaidi. Lakini majini siku ile walikuwamo wauguzi wa Kiingereza, na kati ya abiria wa Khedive Ismail, 271 walikuwa wanamaji wa jeshi lilelile la Petard. Aliyetoa amri, Kamanda Rupert Egan, alikuwa anaangusha mabomu juu ya wenzake wenye sare kama yake. Kama kulikuwa na dharau ya rangi katika mkasa huu, tuitafute mahali pengine. Daraja la Petard, pale nahodha anaposimama, si mahali pake.

Sasa nije kwenye namba ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Si 1,297. Ni mbili. Meli ilizama kabla dakika mbili hazijatimia.

Fanya hivi: hesabu polepole kuanzia moja hadi mia. Ndio muda uliokuwapo. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua la Ikweta limesimama, na askari wengi walikuwa deki za chini. Sebuleni kulikuwa na onyesho la muziki, wauguzi na maofisa wamekaa wanasikiliza. Torpedo ya kwanza inapiga, ya pili inafuata, taa zinazimika, sakafu inainuka upande mmoja mpaka ngazi inakuwa ukuta. Ukifika hamsini maji yako kwenye ujia. Ukifika mia hakuna meli. Kutoka deki ya chini mpaka hewa safi, katika giza, na mamia ya wenzako wanaitaka ngazi ileile, ungefika wapi?

Naizungukia hesabu hii kwa sababu moja. Msomaji akikutana na 1,297 na neno “mabomu” ndani ya aya moja, akili yake inavifunga pamoja, kana kwamba Petard iliua watu zaidi ya elfu. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya watu wale hawakuwahi kufika majini wakiwa hai. Walikwenda chini na chuma. Mabomu ya kina yaliwakuta wale wachache waliotoka, na kati ya hao wachache yaliua. Hilo si dogo, na simwambii mtu alione dogo. Ila kosa la kuhesabu linazaa kosa la kuhukumu.

Na bomu la kina lenyewe ni kitu gani? Ni pipa lenye baruti inayokaribia kilo 130. Lina tundu dogo ambalo maji huingia, na yakishafikia kina kilichopangwa, shinikizo lake hufyatua kiwashio. Pipa huzama kama mita tatu kwa sekunde, kwa hiyo meli inayolidondosha lazima ikimbie, isije ikajivunja tezi yake yenyewe. Maana yake ni kwamba huwezi kwenda taratibu ukiwakwepa watu. Unapita juu ya shabaha kwa kasi, na kama shabaha iko chini ya watu, unapita juu ya watu, pangaboi na yote. Tena sona ya wakati ule, chombo cha kuitafuta nyambizi kwa mwangwi wa sauti, iliangalia mbele. Ukiikaribia nyambizi sana unaipoteza, unabaki kukisia sekunde za mwisho. Na maji hayabonyei kama hewa. Mshindo unasafiri mzimamzima mpaka kwenye mapafu na matumbo ya anayeogelea.

Wanaolaumu wana jibu hapa, tena zuri. Mwaka 1944 Waingereza walikuwa na silaha waliyoipa jina la kalunguyeye kwa miiba yake: mabomu 24 madogo yanayorushwa mbele ya meli, yasiyolipuka mpaka yaguse chuma cha nyambizi. Yangewapita waogeleaji wengi bila mshindo. Petard haikuwa nayo. Ni destroya ya kikosi cha manowari kubwa, haikuundwa kwanza kwa uwindaji wa nyambizi. Hoja hiyo naikubali yote, lakini tuangalie inamwangukia nani. Nahodha hupigana kwa alichofungiwa kwenye deki.

Basi kwa nini asingoje? Hili ndilo swali la maana kuliko yote. Nyambizi ya aina ya I-27, ikiwa chini ya maji, haifikishi kilomita 15 kwa saa, na betri zake zina mwisho. Petard ingeweza kuzunguka pale, mashua za Paladin zikamaliza kuokota watu, kisha kazi ikaendelea. Kwenye karatasi inaingia akilini.

Lakini rudi kwenye saa. Karibu na Ikweta, kuanzia saa nane na nusu mpaka giza ni muda wa masaa matatu na nusu tu. Usiku ukiingia, I-27 ikipanda juu, mwendo wake unapita kilomita 40 kwa saa, zaidi ya mwendo wa msafara wowote wa askari, na mbele kulikuwa na meli nne zimejaa watu. Kusikia kwa sona kunapotea kwa sababu ndogo tu. Na meli inayosimama kuokota watu ni shabaha isiyohitaji ufundi. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limeshalipia somo hilo Septemba 22, 1914, pale manowari yake Aboukir ilipopigwa na nyambizi ya Kijerumani, Hogue na Cressy zikasimama kuokoa, nyambizi ileile ikazizamisha zote mbili. Walikufa karibu 1,460 ndani ya asubuhi moja. Mei 1941, manowari ya Kiingereza Dorsetshire iliwaacha majini mamia ya Wajerumani wa manowari Bismarck iliyozamishwa kwa sababu ilidhaniwa kuna nyambizi karibu. Hapa haikuwa dhana. Nyambizi ilikuwapo, ina torpedo, na tayari ilishaonyesha inajua kuzitumia.

Mzigo wa mwenzako kanda la usufi. Sisi tumekaa na kalamu, tuna mchana mzima wa kuamua kitu ambacho Egan aliamua huku anawaona watu kwa macho.

Kilichofuata kinaonyesha I-27 haikuwa ya kuchezewa. Mabomu yaliifanya ipande juu. Urefu wake ulikuwa karibu mita 109. Petard ilikuwa na mita 105. Mzinga wa nyambizi ulikuwa wa milimita 140. Mizinga ya Petard ilikuwa ya milimita 102, kwa kuwa destroya za daraja P zilipewa mizinga midogo wakati mikubwa ilikuwa haba viwandani. Makombora yakapiga bila kuizamisha. Paladin ikaenda kuigonga kwa omo. Egan akaiashiria iache, ikageuka, lakini bawa la pembeni la nyambizi likaichana ubavu chini ya maji, ikabaki inapambana isizame. Petard ikaanza kurusha torpedo, moja baada ya nyingine. Ya saba ndiyo iliyoikata. Tangu meli ipigwe yalikuwa yamepita zaidi ya masaa mawili. Anayesema ingetosha kuilinda tu pale isitoke, akumbuke kwamba ilipokuwa juu, mbele ya macho, imejeruhiwa, destroya mbili zilihangaika nayo kiasi hicho.

Nakubali pia kwamba nina udhaifu kwa Petard. Ndiyo meli ambayo Oktoba 1942 katika Mediterania ilishiriki kuizamisha U-559 ya Kijerumani, na mabaharia wake wawili, Tony Fasson na Colin Grazier, wakazama wakitoa vitabu vya siri ambavyo viliwafungulia Waingereza mawasiliano ya nyambizi za Atlantiki. Wa tatu, Tommy Brown, mhudumu wa kantini mwenye miaka 16, alitoka hai. Sifa hizo haziwezi kutumika kufuta Februari 1944. Ila zinaeleza kwa nini mabaharia wale hawakuwa watu wa kutishika na kubonyeza ovyo.

Nikiwa na lawama, na ninayo, ninaipeleka Kilindini na zaidi ya hapo. Meli tano zenye maelfu ya askari zilipewa destroya mbili na Hawkins, kruza (manowari kubwa kuliko destroya) lililoshushwa majini mwaka 1917. Kwa nini chache hivyo? Kwa sababu destroya zilikuwa chakula cha kila mezani. Mwaka 1940 London ilikuwa na njaa nazo hata ikakubali hamsini kuukuu kutoka Marekani, nayo ikatoa haki ya kambi kwa miaka 99. Bahari ya Hindi ilikula mwisho. Baada ya mashambulizi ya Wajapani ya Aprili 1942, kikosi cha manowari za Kiingereza cha mashariki kilirudi nyuma mpaka Kilindini. Kufikia Januari 1944 kilikuwa kimerejea Ceylon (Sri Lanka ya leo), na manowari kubwa haziendi popote bila destroya zake. Misafara ikapata kilichobaki. Huko ndiko mizani ile miwili ingefaa kutafutwa: katika orodha ya nani asindikizwe na ngapi, iliyoandikwa kwa wino, mchana, bila nyambizi yoyote karibu. Hata hivyo mwenye haki ataongeza kwamba wauguzi wa Kiingereza walipangiwa orodha hiyohiyo.

Makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, yana mnara wenye majina ya wasio na kaburi, na wengi wa Khedive Ismail wamo. Majina ya Kiafrika yamechongwa mmojammoja, jambo ambalo wapagazi wa vita ya kwanza kwa sehemu kubwa hawakulipata.  Wapo wanaotaka iongezwe habari ya mabomu ya Petard, nami siwapingi. Jiwe linaweza kubeba ukweli wote. Ila likiongezwa, liandike na zile dakika mbili.

Jioni ile Petard iliifunga Paladin kamba na kuanza kuivuta kwenda Addu, kisiwani kusini kabisa mwa Maldivi. Ilikuwa inakwenda taratibu, imefungwa, gizani, katika maji yaleyale, na manusura wakiwa ndani.