Mabwawa ya Uingereza: tuachiwe tuogelee au tubaki tunayaangalia kwa mbali?

Kila joto likipanda Uingereza mjadala ni ule ule. Watu wanajazana kwenye maziwa na mabwawa ya vijijini, wapo wanaosema maji haya ni ya wote tuachieni tuogelee, na wapo wanaosema hapana, bwawa la maji ya kunywa sio bichi, tembea pembeni piga picha rudi nyumbani. Linanigusa kwa sababu ndugu zetu wengi wanaoishi Leicester, Birmingham, Manchester siku hizi wikiendi wanapakia watoto na misosi kwenye gari wanaenda huko, na wengi hawajui kwamba lile ziwa zuri wanalolifurahia limejengwa na binadamu, na ndani yake kuna mambo ambayo ziwa la Mungu halina.

Nianze na hoja ya wanaotaka yafunguliwe maana sio hoja ya kubeza hata kidogo. Mabwawa haya yamejengwa kwa kuziba mabonde ambayo watu walikuwa wanaishi. Ladybower kule Derbyshire ilijengwa kati ya 1935 na 1943, na maji yalipojaa vijiji viwili vya Ashopton na Derwent vilimezwa vyote, nyumba, kanisa, kila kitu. Haweswater kule kaskazini kilizama kijiji cha Mardale Green ili Manchester ipate maji. Rutland Water miaka ya 70 hivyo hivyo, kijiji cha Nether Hambleton kikapotea na lile kanisa la Normanton likabaki limesimama ukingoni mwa maji kama unavyoliona kwenye picha. Yote yalifanywa kwa jina la faida ya umma. Halafu 1989 kampuni za maji za England na Wales zikauzwa kwa watu binafsi pamoja na mabwawa na ardhi inayoyazunguka. Sasa mtu akiuliza, bonde mlilichukua kwa ajili ya umma, leo umma ukitaka kutia mguu mnasema ni mali ya kampuni, inakuwaje? Ni swali la haki kabisa.

Na wanayo historia ya kudai haki ya kuingia. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wa viwandani, wengi wao kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout kule Derbyshire bila ruhusa ya wenye ardhi, na wengine wakafungwa jela baada ya hapo. Ilichukua muda mrefu lakini sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu haki ya kutembea kwa miguu kwenye milima na nyika zilizopangwa. Ila maji hayamo. Unaweza ukatembea kihalali mpaka ukingoni halafu ukivua viatu ukaingia unakuwa umevamia. Ukivuka mpaka ukaenda Uskoti, sheria yao ya 2003 inakupa haki ya kuingia kwenye maji ya bara mradi ufanye hivyo kwa kuwajibika. Kisiwa kimoja, mvua moja, sheria mbili tofauti.

Sasa twende upande wa pili, na hapa naomba tusome taratibu kwa sababu ndipo watu wanapokufa.

Cha kwanza baridi. Mtu aliyekulia Mwanza au Mombasa anajua maji kwa mwili wake, anajua jua likiwaka hivi maji yatakuwa hivi. Bwawa la Uingereza litakudanganya. Juu nje ni nyuzi 30, watu wanakula aiskrimu, juu juu pale maji yana uvuguvugu kidogo, ukiruka ukaenda chini mita mbili tatu unakutana na baridi ambayo kiangazi chote haijaondoka. Wataalamu wanasema maji yakiwa chini ya nyuzi 15 mwili unaweza kupata mshtuko, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo pumzi yenyewe ndio maji. Na kujua kuogelea peke yake hakuzuii hilo, mwili unafanya kabla akili haijafika. Ndio maana waokoaji wa RNLI, shirika la hisani la uokoaji majini, wanasisitiza ukijikuta kwenye hali hiyo usipigane na maji, lala chali, kichwa nyuma masikio yazame, sogeza mikono taratibu mpaka pumzi irudi, ndio uite msaada.

Cha pili ni jengo lenyewe. Ziwa la asili mara nyingi linashuka polepole lakini bwawa unakuta ukingo umepangwa mawe au zege, mteremko mkali, na pale maji yanapopanda na kushuka mawe yameota ute wa kijani, ukishaingia kutoka ndio kasheshe, huna pa kushika. Ule mnara unaouona karibu na ukuta ndio wa kutolea maji na chini yake kuna mabomba yanayovuta, kwa juu maji yametulia tuli huoni chochote. Maji yakipungua nako tope, 2018 na 2022 wakati wa ukame Ladybower ilishuka mpaka mabaki ya kijiji cha Derwent yakaonekana, watu wakamiminika kwenda kuyaona na kukanyaga tope ambalo juu limekauka na chini ni uji.

Kuna hoja moja ya kampuni ambayo mimi siikubali sana, ile ya kwamba waogeleaji watachafua maji ya kunywa. Maji yanasafishwa kabla hayajafika bombani, na bwawani humo humo kuna bata, kondoo wanakunywa pembeni, boti zinapita. Ila ya viumbe vamizi naikubali. Mwaka 2010 pale Grafham Water, bwawa lililoko Cambridgeshire, walikuta mdudu mdogo jamii ya uduvi, asili yake kule Bahari Nyeusi na Kaspi, anayeua wadudu wengine wa majini hata asipowala, na viumbe wa hivi husafiri kwenye boti, nyavu na nguo zilizolowa. Toka hapo watu wanaambiwa kagua, safisha, kausha vifaa kabla ya kwenda maji mengine, na hili halijali wewe ni mvuvi au muogeleaji.

Mimi nimesimama wapi? Naona kufunga kila kitu ni kosa, na haki ya kuingia popote kwenye bwawa nayo siitaki. Kibao chekundu cha kukataza kuogelea hakijawahi kumzuia kijana wa miaka 16 siku ya joto, kinachofanya ni kumsukuma aende sehemu isiyo na mtu, na huko ndiko kubaya zaidi. Rutland imeonyesha njia nyingine, kuna bichi pale Sykes Lane, kuna njia ya baiskeli, upande wa magharibi wameachiwa ndege, wale osprey walao samaki waliorudishwa kuanzia 1996 na sasa wanazaliana. Kila mtu na eneo lake. Kasoro ni pesa, paking unalipia, shughuli za majini unalipia, na bila gari kufika ni shida, kwa hiyo familia yenye kipato kidogo inaishia kwenye bwawa lisilo na muokoaji kwa sababu pale ni bure.

Na hapa kwetu watu weusi linakuja jambo zito. Takwimu za Sport England, taasisi ya kukuza michezo, zinazonukuliwa sana zinasema asilimia 95 ya watu wazima weusi England hawaogelei. Yaani ukifungua maji yote kesho, watakaofaidi ni wale wale waliofundishwa na wazazi wao, na wetu wanaingia kwa mkumbo. Mtaala unataka mtoto amalize shule ya msingi akiweza kuogelea mita 25, mzazi ana haki ya kuiuliza shule wanafanyaje, tena uliza mapema usingoje darasa la mwisho.

Kuhusu maziwa ya asili sitasema mengi, Windermere kuna sehemu rasmi za kuogelea na bado watu wanalalamikia majitaka na mwani wa bluu-kijani, kwa hiyo haki ya kuingia bila maji safi ni nusu ya haki.

Kinachonipa matumaini ni wakati wenyewe. Tangu bwawa la Carsington kule Derbyshire lifunguliwe 1992 England haijafungua bwawa jingine kubwa, sasa Havant Thicket linajengwa Hampshire na mengine yako kwenye mipango. Kwenye hayo ya mipango ukingo haujamwagwa zege bado. Ufukwe wa kushuka polepole, kamba ya kutenga eneo la mnara, kituo cha basi, choo, muokoaji wa kiangazi, vyote hivi vikichorwa leo ni rahisi kuliko kuja kubomoa baadaye, na mikutano ya kukusanya maoni huwa wazi kwa wakazi wote, wenye asili ya huko na sisi tuliohamia.