Pikipiki za theluji za mlimani: punguzeni kilo kwanza, farasi baadaye

Kila mwaka watengenezaji wanapozindua matoleo mapya ya pikipiki za theluji (snowmobile) za mlimani, swali linalotangulia ni lile lile: ina nguvu ya farasi wangapi? Kwangu hilo ni swali la nne. Mashine inayopanda mlima kwenye theluji laini isiyowahi kukanyagwa nataka kwanza nijue uzito wake, kisha mkanda wake, kisha jinsi inavyokubali kulazwa ubavu. Hayo yakishanitosheleza, ndipo tuzungumze farasi.

Tuanze na mkanda, ule unaozunguka chini na kuisukuma mashine, maana ndio unaogusa mlima. Pikipiki ya theluji ya njia zilizoshindiliwa huwa na mkanda wa mpira wenye mzunguko wa sentimita 330 hadi 350 hivi, na meno yake ni mafupi. Ile ya mlimani siku hizi ina mkanda wa sentimita 390, 420, hata zaidi ya 440, na meno yanayofika sentimita 7.6. Urefu huo unatandaza uzito juu ya eneo kubwa ili mashine ielee badala ya kuzama, na meno marefu yanasukuma theluji nyuma kama makasia yanavyosukuma maji. Lakini kila sentimita ina gharama. Mkanda mrefu ni mzito, na ni uzito unaozunguka, kwa hiyo injini inaulipia kila unapofungua mafuta. Tena unaipa mashine ukaidi wa kwenda mbele tu pale unapotaka igeuke kati ya miti. Wanaokimbilia mkanda mrefu kuliko yote dukani mara nyingi wananunua uwezo wa kupanda mteremko mmoja ulionyooka, halafu wanahangaika siku nzima msituni. Kwa mwendeshaji wa kawaida, mkanda wa sentimita 390 au 420 unatosha kabisa.

Kwenye ubavu wa mlima ndipo usanifu mzuri unapojitenga na matangazo. Mwendeshaji husimama kwa mguu wa upande wa juu, akaivuta mashine imwelekee, ski moja (moja ya zile mbao mbili za mbele za kutelezea) ikanyanyuka, akasafiri akiukata mteremko hivyo hivyo. Ndiyo maana ski za mashine za mlimani zimesogezwa karibu, yapata sentimita 91 kutoka moja hadi nyingine, wakati zile za njia zilizoshindiliwa hupita sentimita 105. Ndiyo maana pia wahandisi huondoa ile fito ya mbele inayozuia mashine kulala. Watengenezaji Arctic Cat walikwenda mbali zaidi kwenye matoleo ya 2019: sehemu ya nyuma, ambako kwa miaka mingi mkanda ulitelezea juu ya reli mbili, wakaweka boriti moja katikati, na mkanda ukaweza kuinama pamoja na mwendeshaji. Naamini hilo ni moja ya mawazo ya ujasiri zaidi katika fani hii kwa muda mrefu, na halikuongeza hata farasi mmoja.

Sasa injini. Karibu zote za mlimani zinazouzwa vizuri ni za mipigo miwili, silinda mbili, ujazo wa cc 850 hivi. Injini ya Rotax ya ujazo huo, inayofungwa kwenye mashine za Ski-Doo, ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 165. Hiyo ni usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo, kile kifaa kinachoisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Ukiwa mita 3,000, kimo cha kawaida kwa waendeshaji wa Colorado, Marekani, wale farasi 165 wamebaki kama 115. Kwa hiyo Ski-Doo walipoleta turbo kutoka kiwandani kwenye injini ya mipigo miwili, toleo la 2020, walichouza hasa ni kuzitunza farasi 165 hadi mita 2,400 hivi. Naisifu kazi hiyo bila kusita. Klachi ya mashine hizi hurekebishwa kulingana na nguvu inayopokea, na nguvu isipoyumba kwa kimo, klachi nayo hutulia, beliti yake hudumu, na mwendeshaji huwa na hakika ya kitakachotokea anapofungua mafuta.

Wasiwasi wangu ulianza pale mbio zilipogeuka kuwa za farasi. Baada ya miaka michache tu Ski-Doo walikuja na farasi 180, na washindani wao Polaris nao wakaingia na turbo yao. Turbo ina uzito wake, pamoja na mabomba na vifaa vyote vinavyoisindikiza, na sehemu kubwa ya uzito huo hukaa mbele, mahali pabaya kuliko pote ukiwa umekwama kwenye theluji ya kiunoni. Ushahidi wa kwamba nguvu peke yake haishindi mlimani tunao tayari. Yamaha walikuwa na mashine ya mlimani ya mipigo minne, silinda tatu, cc 998, yenye turbo na nguvu kupita hizi zote za cc 850. Kwenye mteremko mpana ilikuwa radi. Hata hivyo soko la mlimani lilibaki mikononi mwa mipigo miwili, kwa sababu mtu hawezi kuibeba radi mabegani akiwa kati ya misonobari. Yamaha wenyewe walitangaza kuiacha biashara ya pikipiki za theluji baada ya matoleo ya 2025, na nasikitika, kwa kuwa mshindani mmoja akiondoka waliobaki hupungukiwa na sababu ya kujituma.

Jambo jingine la nguvu, na hili ni zito: maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na mashine za leo zinamfikisha huko hata mtu aliyeanza kuendesha msimu huu. Kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa, fimbo ya kumpapasia chini ya theluji, koleo na mafunzo vinapaswa kununuliwa kabla ya turbo.

Narudi kwenye uzito, maana hapo ndipo wanunuzi tunapopunjwa. Vijitabu vya mauzo huandika uzito mkavu, yaani mashine isiyo na petroli wala vimiminika vingine. Mashine inayotajwa kuwa na kilo 200 ukiijaza tangi la lita 36 umeongeza kilo kama 27, na bado hujaweka oili, maji ya kupozea, wala ile theluji inayoganda chini ya mashine. Hakuna mtu aliyewahi kupanda mlima kwa mashine kavu. Nataka karatasi ya vipimo iandike kilo za mashine iliyo tayari kwa safari, ionyeshe ni kilo ngapi zimelalia ski na ngapi zimelalia mkanda, na itaje nguvu ya injini kwenye mita 3,000 pembeni ya ile ya usawa wa bahari. Vipimo hivyo viwandani wanavyo. Atakayetangulia kuvichapisha, mashine yake nitaiangalia kwanza.