Kuishi ughaibuni si ujuzi

Mtanzania akijirekodi amesimama kwenye theluji, maneno yake hupata uzito ambao asingeupata kama angeyasema yaleyale akiwa nyumbani. Uzito huo hakuutolea jasho, ameukuta tu. Mimi ni muuguzi, naishi Ujerumani, na naona hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu tunapotaka kujijengea jina mitandaoni. Tunatangaza mahali tulipo, na kile tunachokijua tunakiacha kando.

Huku theluji haimshangazi mtu. Anayetaka kukuajiri anataka kujua umefanya kazi wapi, kwa muda gani na uliifanyaje, tena anataka aione kwa maandishi. Sheria ya Ujerumani inampa mfanyakazi anayeondoka kazini haki ya kudai barua rasmi kutoka kwa mwajiri wake inayoeleza kazi aliyofanya na jinsi alivyoifanya, na barua hizo watu huzitunza maisha yao yote. Hata kwenye mitandao ya kikazi kama LinkedIn, au XING iliyozaliwa Hamburg mwaka 2003, wenyeji huandika vyeti na majukumu yao, basi. Mwanzoni niliwaona wakavu mno. Siku hizi nawaheshimu, kwa sababu anachosema mtu pale unaweza kukihakiki.

Nyumbani jina lako hubebwa na watu. Uliyesoma naye humwambia shemeji yake, shemeji humwambia bosi, na kabla hujafika mahali umeshatajwa kwa wema au kwa ubaya. Utaratibu huo una joto ambalo huku nalikosa sana. Tatizo ni kwamba mtandao umelichukua joto hilo na kumkabidhi mtu ambaye hakuna aliyefanya naye kazi. Mtazamaji anamwamini kaka au dada wa kwenye simu kama anavyomwamini jirani, lakini jirani akidanganya mlango wake unajulikana.

Chukua suala la kazi yangu, kwa kuwa ndilo ninaloulizwa kila mara. Klipu nyingi husema Ujerumani ina uhaba wa wauguzi, njooni. Uhaba upo kweli. Kinachoachwa ni kwamba muuguzi aliyesomea nje ya Umoja wa Ulaya lazima cheti chake kitambuliwe na mamlaka ya huku kabla ya kuajiriwa kama muuguzi kamili, na kwa kawaida Kijerumani chake kinatakiwa kifike kiwango cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za kupimia lugha. Mamlaka ikiona pengo kati ya masomo yake na ya huku, ataongezewa mafunzo kazini au mtihani. Anayeanza upya huingia kwenye mafunzo ya miaka 3, yale yanayoitwa Ausbildung; analipwa wakati anasoma, lakini anasoma kwa Kijerumani na mtihani wa mwisho ni wa Kijerumani. Hayo yote ukiyaeleza sawasawa klipu inakuwa ndefu na wafuasi hawaongezeki haraka. Lakini huko nyumbani kuna mtu anayepanga kuuza kiwanja kwa sababu ya ulichosema, na mtu huyo ana haki ya kuambiwa yote.

Kuna na suala la kamera kazini, ambalo linaniuma zaidi. Nawaona wenzetu wakijirekodi wamevaa sare, korido ya wodi ikionekana nyuma, wakati mwingine na mkono wa mzee kitandani. Huku picha ya mtu haichapishwi bila ridhaa yake, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na sheria hiyo ni ya mwaka 1907, kabla hata ya televisheni. Kwa sisi wa afya, kutoa siri ya mgonjwa ni kosa la jinai linaloweza kukufikisha jela hadi mwaka 1 au kukutoza faini. Lakini hata kama sheria isingekuwepo! Yule mzee amelala pale kwa sababu hana nguvu za kukukatalia. Kama unataka watu wajue kuwa wewe ni muuguzi mzuri, waeleze namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Hilo utalifundisha kwa mto na kitanda chako mwenyewe nyumbani kwako.

Fedha nazo zina mkono katika haya. TikTok ilipozindua mpango wake mpya wa kuwalipa watengeneza video mwaka 2024, Ujerumani ilikuwa kwenye orodha ya nchi zinazolipwa, na hapakuwa na nchi hata moja ya Afrika. Mitandao kwa jumla hufuata pesa ya watangazaji, nao hulipa zaidi kumfikia mtazamaji wa nchi tajiri. Kwa hiyo anayezungumza Kiswahili na watu wa nyumbani huvuna kidogo hata akitazamwa na wengi, na pengo hilo huzibwa na mawakala wa safari. Wakala humlipa mwenye wafuasi, mwenye wafuasi humsifu wakala kana kwamba ni rafiki aliyemsaidia. Sheria za huku zinataka tangazo la kulipwa lionekane wazi kuwa ni tangazo. Mtazamaji wa nyumbani naye anastahili heshima hiyohiyo, hata kama hakuna atakayekushtaki.

Mimi fedha ya mawakala sichukui. Nikizungumzia viza au vyeti, naweka tarehe kwenye video kwa kuwa masharti hubadilika, na naelekeza watu kwenye Make it in Germany, tovuti ya serikali yenyewe ambayo kuisoma ni bure. Anayeniuliza kuhusu uhandisi au udereva namwambia sijui, atafute Mtanzania anayefanya kazi hiyo.