Tani ya sifongo, chembe ya dawa

Wanaobeza utafutaji wa dawa za saratani baharini wana hoja mbili, na zote zina uzito. Kwanza, kazi hii imeanza tangu miaka ya 1950 na dawa zilizofika wodini bado zinahesabika. Didemnini B, kemikali iliyotoka kwa mnyama wa bahari, iliingia kwenye majaribio kwa wagonjwa Marekani katika miaka ya 1980, sumu yake ikawa kali mno. Nyingine, briostatini 1, ilijaribiwa tena na tena dhidi ya saratani, haikufua dafu.

Pili, kiasi. Huko New Zealand tani nzima ya sifongo, mnyama wa baharini asiyesogea, ilitoa takriban miligramu 300 za halikondrini B, kemikali inayozuia seli za saratani kugawanyika. Kidonge cha kawaida cha parasetamo kina miligramu 500. Tani ya wanyama, na unachopata hakijazi hata kidonge kimoja! Mwenye kujali bahari ana haki ya kuuliza tutabakiwa na nini.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo husomwa nusu. Hakuna mgonjwa anayepewa sifongo. Mwaka 1992 Yoshito Kishi na wenzake wa Harvard waliijenga halikondrini B maabara tangu mwanzo, na vipande vya molekuli vilivyotokana na kazi hiyo vilipopimwa ikagundulika kwamba nusu tu ya molekuli ndiyo inayozuia seli kugawanyika. Nusu hiyo ikazaa eribulini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Kampuni ya Eisai huitengeneza kwa hatua 62 za kikemia, bila sifongo hata mmoja. Bahari ilitoa ramani ya nyumba. Matofali yalifyatuliwa kwingine.

Trabektedini, dawa nyingine ya saratani, nayo ilitokana na mnyama mlaini wa Karibi anayejishikiza kwenye mizizi ya mikoko. Tani yake ilitoa kama gramu moja. PharmaMar ya Uhispania ilijaribu kwanza kumfuga, kisha ikaona heri kuanzia na kemikali inayozalishwa na bakteria kwenye matangi. Na saitarabini, iliyobuniwa kwa kuiga kemikali za sifongo wa Florida na kuidhinishwa mwaka 1969, leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muuguzi anayemtundikia dripu yake mtoto mwenye lukemia, yaani saratani ya damu, hana sababu ya kumfikiria sifongo. (Unga wa jongoo bahari unaouzwa kwa madai ya kutibu saratani ni habari nyingine kabisa.)

Hata ile sumu inayolalamikiwa ndiyo mali yenyewe. Sifongo hakimbii wala hang'ati. Silaha yake ni kemikali, tena iwe kali kiasi cha kufanya kazi ndani ya maji yanayoizimua kila dakika. Dolastatini 10, kutoka kwa konokono wa bahari aitwaye Dolabella auricularia, ilishindwa ilipotumiwa peke yake. Kemikali ya maabara iliyoiga muundo wake ilipofungwa kwenye kingamwili inayozisaka seli za limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), ikapatikana dawa ya brentuksimabu vedotini, iliyoidhinishwa mwaka 2011.

Siwezi kudai makubwa. Katika jaribio la wanawake 762, waliopata eribulini waliishi wastani wa kati wa miezi 13.1, wenzao waliopewa matibabu mengine miezi 10.6. Miezi miwili na nusu, wala si uponyaji.

Wakosoaji huuliza pia nani ananufaika. Hapo nakubaliana nao kabisa, ingawa nadhani kwa kutazama tani wanaangalia mahali pasipo. Konokono wale wa dolastatini walikusanywa kisiwani Morisi mwaka 1972, miaka 20 kabla ya Mkataba wa Bioanuwai na 38 kabla ya Itifaki ya Nagoya kuhusu mgawanyo wa manufaa. Lau viwanda vingehitaji tani kila mwaka, nchi yenye miamba ya matumbawe ingekuwa na la kuuza kila mwaka. Vikishaipata ramani, havirudi tena. Nguvu ya kujadiliana ipo siku moja tu, sampuli ya kwanza inaposhushwa kutoka kwenye mashua.