Hilo neno "walawiti" tunalisoma vipi?

Jumatano kwa ushirika wetu huku Nyalenda, Kisumu, tulikuwa tunasoma Wakorintho wa Kwanza sura ya 6, na ilipofika mstari wa 9 yule ndugu aliyekuwa anasoma akainua sauti, "wala wafiraji, wala walawiti", akanyamaza, akatuangalia mmoja mmoja, halafu akafunga Biblia. Mstari wa 10 hakuusoma. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya mama wa kijana wetu wa kinanda, yule aliyeambiwa mbele ya kwaya nzima asiguse tena vyombo vya kanisa kwa sababu ya stori zilizozunguka kwa simu za watu, na huyo mama alibaki tu amefungua Biblia yake ya zipu, kidole kiko palepale kwa mstari wa 9, hakigeuki.

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio nisiulizwe baadaye. Naamini ndoa ni ya mume na mke, vile Yesu aliwajibu Mafarisayo kwenye Mathayo 19 akawarudisha hadi Mwanzo, na Warumi 1, pale Paulo anaongelea wanaume kuwakiana tamaa wao kwa wao, sijaona njia ya kuizunguka. Kuna wasomi wanasema Paulo alikuwa anaongelea ukahaba na mabwana kuwatumia watumwa wao, nimewasoma polepole na kuna mahali wananifanya nifikirie, lakini lile neno lake la Kigiriki, arsenokoitai, limeungwa kwa maneno mawili, mwanamume na kitanda, na hayo maneno mawili yamekaa bega kwa bega kwa Walawi 20:13 kwenye ile tafsiri ya Kigiriki ambayo Paulo aliitumia, kwa hivyo naona alikuwa na Walawi akilini. Hapo nimesimama.

Lakini kusimama hapo hakunipi ruhusa ya kusoma ovyo, na sisi tunasoma ovyo sana.

Chukua hilo neno walawiti. Limetoka kwa jina la Lutu, yule aliyekaa Sodoma, likatufikia kupitia Kiarabu, yaani ukilitamka tu tayari umeshaileta Sodoma ndani ya mstari ambao Paulo hakuitaja Sodoma. Halafu washa redio usikie habari za kortini, mtu ameshtakiwa kwa kumlawiti mtoto, hiyo ndio maana mtu wa kawaida hapa Kisumu ako nayo kichwani, kulawiti ni kubaka mvulana. Sasa mama ameketi kanisani anasikia Paulo akisema walawiti na anachosikia ni mwanawe akiitwa mbakaji wa watoto, na huyo kijana hajawahi kugusa mtoto wa mtu. Mbakaji wa watoto apelekwe polisi siku hiyo hiyo, awe amembaka mvulana ama msichana, hilo halina mjadala kwangu, lakini hayo ni mambo mawili na neno letu moja limeyafunga kwa kamba moja. Mhubiri anayejua Kiswahili vizuri anafaa kusimama hapo atufafanulie, badala ya kutumia hiyo kamba kuchapa mtu.

Na Sodoma yenyewe je? Mwanzo 19 ni wanaume wa mji wamezingira nyumba usiku wakitaka wageni kwa nguvu. Soma Waamuzi 19, pale Gibea, stori ni karibu ile ile, wakatolewa mwanamke, wakamtesa usiku kucha, asubuhi akapatikana ameanguka mlangoni mikono yake iko kwa kizingiti. Sijawahi kuona mtu akitoa hapo fundisho juu ya mapenzi ya mume na mke, sote tunajua huo ni unyama. Ezekieli 16:49 naye anautaja uovu wa Sodoma: kiburi, kushiba chakula, kufanikiwa, na "hakuutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji". Mstari wa 50 unataja machukizo na Yuda 7 inataja uasherati, sifichi. Ila nimeskia Sodoma ikihubiriwa tangu nikiwa mtoto na hata siku moja haikuanza na maskini. Mwaka wa 2020 ziwa lilipopanda maji yakaingia kwa nyumba za watu hapa kwetu, hiyo ndio ilikuwa siku ya kuhubiri Sodoma.

Ndugu zetu Waanglikana, maaskofu wao wa dunia nzima walikutana kwenye Kongamano la Lambeth la 1998, wakapitisha azimio 1.10 kwamba matendo ya ngono ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Kila mtu huku anakumbuka hiyo sehemu. Azimio hilo hilo liliwataka pia wawasikilize watu wanaopenda wa jinsia yao, na likalaani kuwaogopa bila sababu. Hiyo nusu nyingine ilipotelea wapi?

Sasa mstari wa 10, ule uliofungiwa ndani ya Biblia. Unaendelea na wevi, watamanio, walevi, watukanaji, wanyang'anyi. Watukanaji! Grupu ya WhatsApp ya kanisa ilimtukana yule kijana siku tatu mfululizo, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na hakuna aliyeambiwa asiguse maikrofoni Jumapili. Halafu mstari wa 11, "na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii, lakini mlioshwa". Paulo alikuwa anaandikia watu waliokaa ndani ya kanisa, wote pamoja.

Kinanda kimefunikwa leso tangu Februari. Wikendi kijana anapiga kwa matanga huko Siaya, na wanaomlipa wengine ni washirika wetu wenyewe, kwa sababu hakuna anayejua nyimbo zetu kama yeye.

Jumatano ijayo zamu ya kusoma ni yangu. Nimemwomba mama yake asome kuanzia mstari wa 9 hadi wa 11 bila kukatwa, amekubali. Kijana nimemtumia meseji, saa kumi na moja na nusu, na kama hataki kuingia nitatoka tukae naye nje pale kwa benchi ya mama wa omena.